Viti Sita vya Duol

Mwaka wa 2022, nikiwa na miaka sitini na moja, nilianza kukohoa na sikuacha. Naanza hapo kwa sababu kabla ya hapo sikuwa na shida ya kuandikwa. Nilizaliwa Nyatike, upande wa Migori. Shule niliacha darasa la nne, nikachimba dhahabu kwa mikono mpaka nikawa najua jiwe kwa kulilamba. Sikupewa kitu na mtu. Nilinunua shamba bonde la Lambwe wakati watu bado wanaliogopa kwa sababu ya mbung'o, nikang'oa vichaka mwenyewe, nikaweka mashine ya kusaga hapo Magunga. Kama unasoma hii ukiwa kwenye benchi la kliniki, ujue imeandikwa na mtu ambaye hakuzoea kuketi kwenye benchi akingoja kuitwa.

Kijaluo ndicho chetu, na maneno mengi hapa yalisemwa kwa Kijaluo. Naandika Kiswahili kwa sababu sista Moraa, anayetugawia vidonge, ni Mkisii, na kwenye benchi letu kuna Wakuria, na kuna yule mwenye duka la vitambaa aliyetoka Garissa. Ni sista aliyeniambia niandike. Alisema, "Mzee, hawa wapya hawaniamini mimi. Mimi nina mapafu mazima."

Nianze na kosa langu.

Mjaluo akifungua boma jipya haendi peke yake. Anatoka alfajiri kwa baba yake pamoja na mke na kijana wake wa kwanza. Yeye anabeba jogoo, mke anabeba moto, kijana anabeba shoka. Nyumba inasimama siku hiyo hiyo. Mimi nilipofungua boma langu Lambwe, kijana wangu wa kwanza, Tobias, alikuwa Nakuru akifanya kazi ya kushona viti vya magari. Nilimpigia aje. Akasema mwenye kazi amemkatalia ruhusa. Mafundi nilikuwa nimeshawaita, na mimi si mtu wa kurudisha mafundi. Nikampa shoka mtoto wa ndugu yangu, tukaenda.

Miaka kumi na miwili ikapita, boma likakaa vizuri. Halafu kikohozi kikaja, na mwili ukaanza kuondoka. Nilitoboa mkanda tundu jipya kwa msumari. Baada ya mwezi nikatoboa lingine. Suruali ikawa imening'inia kama imeanikwa.

Mjaluo wa umri wangu akiona hivyo hafikirii hospitali. Anafikiria chira. Chira ni ule ugonjwa wa kukauka unaompata mtu aliyevunja mila. Mimi nilijua nilivunja wapi. Nikarudi Migori kwa mzee mmoja anayejua mizizi, akanichemshia manyasi, ndiyo dawa ya chira, nikabeba dumu zima nyumbani. Nilikunywa mvua ndefu yote. Nilikunywa mpaka mahindi yakavunwa. Ilikuwa chungu na ilikuwa kijani na haikunisaidia, na kila ilivyokosa kunisaidia ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba kosa langu ni kubwa.

Mke wangu ni Nyar Karungu, yaani msichana wa Karungu, ndivyo ninavyomwita tangu nimuoe. Aliona kitambaa changu siku moja akifua.

"Wuon Tobi," akaniambia, yaani baba Tobias, "chira haitoi damu."

Nikamwambia mambo ya boma hayamhusu mtu aliyeolewa kutoka kwingine. Nilimwambia hivyo, na yeye ndiye alikuwa ameniwekea maji ya moto ya kuoga.

Halafu nikafanya kubwa zaidi. Nikampigia Tobias simu Nakuru. Sikumsalimia. Nikamwambia, "Shoka ulilokataa kubeba ndilo linanikata."

Nilisikia cherehani za wenzake nyuma yake. Kisha akasema, "Sawa, Baba." Hakunipigia tena. Akitaka kujua habari za nyumbani alikuwa anapiga kwa simu ya mama yake, na mama yake anaenda kuongea nyuma ya jikoni.

Mwisho nilianguka penye mashine, nikiinua debe la mahindi ambalo zamani nililiinua kwa mkono mmoja. Nyar Karungu aliita bodaboda, akaniweka katikati yake na dereva kama gunia, akanipeleka kliniki hapo hapo Magunga. Kutoka hapo nikapelekwa Homa Bay. Nilikaa kwenye baraza ya hospitali siku mbili na kikopo cha makohozi mkononi, nikiangalia migongo ya watu waliokuwa wanasogea mbali nami kidogo kidogo, bila kuniangalia. Benchi tu lilizidi kuwa langu.

Ilikuwa TB. Na si ile ya kawaida, ilikuwa ile sugu inayokataa dawa za kawaida. Sista Moraa ndiye aliyenieleza tuliporudi Magunga, kwa sababu vidonge ningemezea hapo mbele yake.

"Miezi kumi na minane," akasema.

"Ya nini?"

"Ya kumeza, Mzee. Kila siku."

Nikamuuliza kama shoka linaweza kuleta TB. Akafikiri nimeanza kuchanganyikiwa. Nilipomweleza, hakucheka. Alisema kwao pia watu wana mambo kama hayo, ila huyu mdudu hajui nani alibeba nini.

Halafu akauliza, "Unalala na nani?"

"Na mke wangu."

"Kwa sasa utalala peke yako, dirisha wazi. Una nyumba nyingine?"

Iko simba ya Tobias, ile nyumba ndogo ambayo kijana anajenga katika boma la baba yake. Ilikuwa tupu, kufuli mlangoni. Lakini baba halali katika simba ya mwanawe. Hiyo hata mtu mgonjwa hafanyi, na mimi nilishamtukana mwenye simba.

Basi nikajenga duol. Vijana wengi hawaijui. Wakati wa babu yangu, kila boma lilikuwa na nyumba ndogo karibu na zizi. Mwenye boma alikaa hapo na wanaume wenzake na watoto wake wa kiume, na chakula kililetwa hapo kutoka kila jiko. Hukuwahi kula peke yako kwenye duol, hata ukitaka. Nilimwita fundi akapiga mabati nusu ukuta, juu tukaacha wazi upepo upite. Nikamwagiza na viti, vile vya miguu mitatu.

"Vingapi?" fundi akauliza.

"Sita."

Akaniangalia. Alijua nilikuwa na nini, Magunga yote ilijua. Lakini mimi niliona duol ya kiti kimoja ni jela, na jela sikujenga.

Nilikalia kimoja. Vitano vikakaa na vumbi.

Wewe unayeanza, nitakuambia kitu ambacho hawakuniambia. Vidonge vinachosha, lakini kinachochosha zaidi ni masikio. Nilikuwa najua kila mtu kwa hatua zake njiani. Nilijua nani amepunguza mwendo na nani ameuongeza alipofika penye lango langu. Mashine yangu nilikuwa naisikia ikinguruma kutoka mbali, mke wangu ndiye alikuwa anaiendesha, na kila wiki ilikuwa inazima mapema kuliko wiki iliyotangulia. Wateja walihamia kwa mwingine. Walisema unga wangu umekoholewa. Mimi sikuwa nimekanyaga huko tangu nianguke.

Nyar Karungu alileta chakula, akakiweka juu ya jiwe mlangoni, akarudi nyuma hatua kadhaa, akangoja nichukue. Sahani yangu, kikombe changu, kijiko changu, vyote alivitia alama ya rangi ya kucha, nyekundu. Sista alimwambia TB haikai kwenye sahani, inakaa kwenye hewa, na yeye alishapimwa, hana. Aliitikia vizuri. Alama hakuifuta. Simlaumu. Ni mimi niliyemfundisha miezi yote ile kwamba ugonjwa wangu unatokana na kitu kisichoonekana.

Rafiki yangu Owuor, tuliyekuwa tunacheza naye ajua kila jioni, ule mchezo wa mbegu na mashimo, yeye alikuwa anafika langoni. Lakini Owuor alikuwa mwindaji ujanani. Anaokota vumbi, analidondosha taratibu, anaona upepo unaenda wapi, kisha anasimama upande ule mwingine.

"Uko hai?" anapiga kelele.

"Niko."

"Umekuwa mweusi kama tako la sufuria."

Hapo hakudanganya. Kidonge kimoja kilinigeuza rangi. Uso, mikono, mpaka kope, nikawa na weusi unaoelekea wekundu, kama udongo wa kichuguu uliomwagiwa maji. Miguu nayo ikapoteza vidole. Viko, lakini havisemi. Siku moja nilitoka kliniki nikatembea mpaka nyumbani, nikakuta nina ndala mguu mmoja. Ile nyingine sijui iliachwa wapi, na mguu haukuniambia. Niliketi nikauangalia ule mguu, umejaa vumbi na damu kidogo. Sikulia juu ya TB, lakini juu ya ile ndala nililia.

Mvua ndefu ya 2023 ndiyo iliyonikutanisha na Atieno.

Alikuwa na miaka ishirini na nne, fundi wa nguo wa Mbita. TB sugu ilimpata mara mbili. Mara ya kwanza alidungwa sindano nyingi, na sikio la kushoto likafa. Mara ya pili wenzake aliokuwa anapanga nao chumba walimwambia atafute pengine, akaja kukaa kwa shangazi yake Magunga. Mimi sikujua hayo. Nilijua tu kwamba msichana mwenye barakoa ya kitenge ameketi karibu nami kwenye benchi, na anapiga kelele.

"Mzee, wewe uko kwa zile dawa za kufanya mtu mweusi?"

Benchi zima liligeuka.

"Punguza sauti," nikamwambia.

"Nini?"

"Punguza sauti."

"Sauti yenyewe siisikii, nitaipunguza aje? Hamia huku," akaonyesha sikio la kulia.

Nikahamia. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ilikuwa miezi mitatu tangu mtu aniambie nisogee karibu.

Alikuwa na daftari, lile la wanafunzi lenye meza za kuzidisha nyuma. Kila siku mstari mmoja. Alinionyesha. Leo: zipu ya sketi ya Mama Quinter. Leo: kuosha nywele. Leo: kuuliza sista swali la figo. Leo: kucheka, hata kidogo.

"Hii ni nini?"

"Ni kazi ya leo. Wewe leo kazi yako ni gani?"

"Nangoja kupona."

"Hiyo si kazi, Mzee. Hiyo ni kama kukaa ukingoja bei ipande."

Nikamwambia mimi nimefanya kazi kabla mama yake hajazaliwa, na mambo ya kuandika maneno mazuri ni ya watoto wa shule. Watu walikuwa wananiambia niwe na moyo mzuri, wakiwa wamesimama mbali, na maneno hayo yalishanichosha.

"Hata mimi yamenichosha," akasema. "Wananiambia, Atieno, amka na moyo mzuri. Moyo wangu mimi siujui utaamka aje. Kuna asubuhi umeamka kabla yangu, kuna asubuhi hautaki. Sasa nikiungoja, si nitalala mpaka Disemba? Lakini mkono najua. Mkono nikiuambia ushone, unashona. Moyo ukitaka utatukuta huko mbele."

Nilicheka kwa pua. Lakini nikienda nyumbani nilihesabu, nikaona nina miezi ya kungoja, mimi ambaye mvua yenyewe sikuwahi kuingoja. Nilikuwa napanda kavu, mbegu inaikuta mvua udongoni. Nikachukua mkaa, nikaandika kwenye bati la duol: Leo bawaba ya mlango. Nikaitengeneza. Kesho yake: Leo kiti cha nne, mguu unacheza. Hapakuwa na mtu wa kukikalia, lakini mguu ulikuwa unacheza.

Kila mwezi makohozi yetu yalipelekwa kupandwa. Ndivyo wanavyosema, wanayapanda kwenye chupa waone kama mdudu ataota, na majibu yanachukua wiki nyingi. Maisha yangu yote niliomba kitu kiote. Mwaka huo niliomba kisiote. Mwezi wa sita sista aliniita ndani, akasema, "Mzee, haijaota." Mwezi uliofuata, haijaota. Akaniambia sasa siwezi kumwambukiza mtu, ninaweza kulala ndani ya nyumba yangu na kula na watu wangu, niendelee tu na vidonge.

Nilitembea nyumbani haraka kwa ile miguu isiyosikia. Nikamwambia Nyar Karungu haijaota.

"Mungu asante," akasema. Na akaweka sahani juu ya jiwe.

Nilibaki duol. Nikaelewa kwamba mdudu anaondoka mapema kuliko watu wanavyorudi. Wengi wanaachia hapo vidonge, kwa sababu mtu anajiuliza anapona aende wapi. Mimi pia nilijiuliza. Nilikuwa na vidonge vya mwaka mzima mbele yangu na sikuona wa kumezea.

Siku moja wakati wa mvua fupi Atieno hakuwa kwenye benchi. Nilimpata nyuma ya kliniki, penye tangi la maji, amekaa chini. Daftari liko magotini, ukurasa wa siku hiyo mweupe. Nilimsemesha upande wa kulia, hakugeuka. Nikamgusa bega.

"Hili nalo linazimika," akasema, na mara hii alisema polepole, kwa sababu alikuwa hajisikii tena anavyoongea. "Wameniambia halitarudi."

Neno langu angelisikia na nini? Nikachukua kalamu kutoka mkononi mwake. Kwa miaka mingi mimi kazi yangu ya kalamu ilikuwa kuweka sahihi tu. Nikaandika kwa herufi kubwa za darasa la nne, kwenye ukurasa wake: LEO KULA.

Akasoma. "Wapi?"

Nikaandika: KWANGU.

Sasa elewa. Duol ni ya wanaume. Mwanamke analeta chakula, haketi ndani akala, tena msichana ambaye si wa boma. Njia nzima nilikuwa naifikiria chira. Nilikuwa nimekunywa dumu zima kwa ajili ya shoka. Tulipofika mlangoni nikaamua kwamba ile ya kwanza nilivunja bila kupenda, na hii naivunja nikijua. Sahani ya mchana ilikuwa juu ya jiwe, ugali na omena, wale dagaa wa ziwani. Nikakipangusa kiti cha nne vumbi, akaketi. Tukanawa. Tukala sahani moja, ile yenye alama nyekundu. Alikula sana. Nilikuwa nimesahau kelele ya mtu mwingine akitafuna.

Jioni Nyar Karungu alikuja kuchukua vyombo, akaona viti viwili vimesogezwa.

"Nani amekula hapa?"

"Yule msichana wa Mbita."

"Msichana. Ndani ya duol."

"Ndiyo."

Aliokota sahani. Kisha akasema, "Basi kesho hutakuta kitu kwenye jiwe," akaenda.

Nilijua nimemkosea tena. Kesho yake mchana kweli jiwe lilikuwa tupu. Nilikaa na njaa yangu. Halafu akaingia, akiwa na sinia moja kubwa, akaiweka katikati, akavuta kiti akaketi. Akamega kutoka upande wangu.

"Kama mgeni anakula hapa," akasema, "aliyepika ana kosa gani?"

Nikamwambia samaki ana chumvi nyingi. Akasema nile ninyamaze. Nililia tena, yeye akaangalia mbuzi.

Basi ikabaki Tobias. Nikaandika kwenye bati: Leo kumpigia Tobias. Sikupiga. Kesho yake nikaandika tena, chini ya ile ya kwanza. Nikaandika siku tisa, bati likajaa Tobias. Siku ya kumi Atieno alipita, akasoma ukuta wote, akanipa simu yangu mkononi. Akasema, "Mimi siwezi kukupigia, Mzee. Ningekuwa na sikio ningekupigia." Akatoka nje akasimama amenipa mgongo.

Nikapiga.

"Tobias."

"Baba." Cherehani zilikuwa zinakimbia nyuma yake.

"Si shoka," nikasema.

"Nini?"

"Nilisema shoka ndilo linanikata. Si shoka. Ni TB."

"Nilijua, Baba. Mama aliniambia zamani."

"Basi mimi nakuambia leo. Nilikuwekea mzigo ambao si wako."

Zile cherehani zilizima moja baada ya nyingine, nafikiri alikuwa anatoka nje. Akauliza, "Umekula?"

"Nimekula."

"Na nani?"

"Na mama yako."

"Sawa, Baba," akasema, lakini haikuwa ile sawa ya kwanza. Alisema atakuja. Hakuja Krismasi. Hakuja Pasaka. Nilifagia mbele ya simba yake kila Jumamosi, na sikumpigia kumkumbusha, kwa sababu na yeye alikuwa na haki ya kuchelewa.

Atieno alimaliza dawa kabla yangu, mvua ndefu ilipoanza tena. Sista na sisi wa benchi tulimpigia makofi, akaona mikono yetu. Akarudi Mbita kushona. Aliniachia daftari, nusu lilikuwa bado halijaandikwa. Benchi likawa kubwa tena. Miezi ile ilikuwa mibaya kuliko ya mwanzo, sitadanganya. Ukishazoea mtu, kukaa bila yeye ni kugumu mara mbili. Simu hawezi kuisikia, kwa hiyo nilijifunza kumwandikia ujumbe. Ujumbe wa kwanza ulinichukua asubuhi nzima: LEO NIMEPANDA MTAMA. Akajibu: Leo vazi la bibi harusi, mkono mmoja bado. Ndivyo mkono wangu ulivyofunguka. Haya unayosoma nayaandika kwenye ile nusu ya daftari lake.

Kidonge cha mwisho nilimeza mwezi wa nane, 2024. Sista alipeana mkono nami, nikarudi nyumbani, nikakuta simba ya Tobias iko wazi. Alikuwa amekuja bila kusema. Amekonda kidogo, ana mvi mbili tatu. Tulisalimiana kama watu waliokutana sokoni. Akaingia duol, akaangalia lile bati. Jina lake lilikuwa limefifia lakini linasomeka. Akasoma yote tisa.

Kisha akafungua begi, akatoa kitu kilichofungwa gazeti. Kilikuwa kichwa cha shoka, kipya, hakina mpini.

"Sijui kama linafanya kazi likichelewa," akasema.

"Linakata kuni," nikamwambia.

Alikata mpini siku hiyo hiyo, akautia, akapasua kuni mpaka mama yake akamwambia zimetosha. Tukaketi kula kabla usiku haujaingia. Owuor alisimama langoni, safari hii bila vumbi mkononi. Akaona Nyar Karungu ameketi ndani, akasema hawezi kushindwa na mwanamke kwenye duol ya wanaume, akaingia akachukua kiti na kipande kikubwa cha samaki.

Wewe mpya, meza vidonge. Usikunywe dumu za watu wakati kitambaa kina damu. Kama kuna mtu umemwambia neno baya kwa sababu ya ugonjwa, liandike ukutani mpaka likuchoshe, halafu mpigie. Moyo usiungoje. Mengine muulize sista, mimi sikusoma.

Leo nina hivi. Shamba Lambwe, lote limepandwa. Mashine ya kusaga moja, wateja wamerudi karibu wote. Ng'ombe wawili, mbuzi tisa. Pafu moja zima, na moja lenye kovu. Miguu miwili, vidole bado havisemi. Ndala jozi tatu, ninazifunga kwa kamba. Shoka moja. Daftari moja, limeisha kwenye ukurasa huu. Duol moja na viti sita. Siku nyingi kiti chenye mtu ni kimoja. Jumapili iliyopita alikuwepo Nyar Karungu, Tobias, Owuor, Atieno kutoka Mbita, sista Moraa siku yake ya mapumziko, na mtu mmoja aliyeanza vidonge mwezi huu, hataki nimtaje, nilimweka pale upepo unapotoka kwenda nje. Mimi nilikalia ndoo.